Mtu wa Tano

Jumamosi moja, saa nane mchana, watu waliokuwa ndani ya nyumba walikuwa wanne, na kifaa kikasema watano.

Hakuna aliyeshtuka. Kifaa kilikuwa cha Volti, na vifaa vya Volti havijawahi kusema kweli tangu aanze kuviunda. Mkewe alikuwa sebuleni kwenye cherehani akikunja pindo la gauni la mteja. Aliinua macho, akaiona ile namba nyekundu juu ya mlango, akayarudisha macho kwenye sindano.

Volti halikuwa jina lake. Mtaa ulimbandika siku alipozima umeme wa nyumba sita kwa mpigo mmoja, naye akalipokea kama cheo. Kazini alikuwa karani wa stoo, mtu wa kukaa na mabomba na koki kutwa nzima. Lakini ukimuuliza kazi yake angekujibu, "Mimi ni mtu wa elektroniki," huku akitazama juu ya kichwa chako kama aliyechoka kuongea na wasioelewa. Elektroniki yenyewe aliisoma kwenye video za simu, tena nusunusu, maana video ikizidi dakika kumi aliona mwalimu anamchelewesha.

Aliwahi kuunda kengele ya mlango iliyolia kama kuku anayekabwa. Aliwahi kuunda taa ya kuwashwa kwa makofi, akaifunga chumbani kwa mama mkwe wake waliyeishi naye, na mama wa watu alikuwa na kikohozi. Taa iliwaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, mpaka mama mkwe akabeba godoro akahamia sebuleni.

"Tatizo si taa," Volti alisema asubuhi yake. "Tatizo ni mtumiaji."

Na hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo. Mke akilalamika, yeye ndiye tatizo. Mama mkwe akiuliza, hakusoma. Binti yao wa miaka saba, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa bado mtoto, kwa hiyo naye hakuhesabika.

Kifaa kipya kilikuwa cha kuhesabu watu. Alifunga vijicho vya plastiki kwenye miimo ya mlango wa mbele, na nyumba ile haikuwa na mlango mwingine. Mtu akiingia, kifaa kinalia *ti* na namba inaongezeka. Akitoka, kinalia *ti* na namba inapungua. Kina faida gani katika nyumba ya watu wanne, hakuna aliyeambiwa. Mkewe aliuliza mara moja tu.

"Baba Chiriku, si tunaonana?"

"Ndiyo maana nchi za watu zinaendelea," Volti alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kosa alilifanya asubuhi ya siku hiyohiyo. Alikuwa amegeuza stoo ya nyuma kuwa karakana yake, meza imejaa nyaya, betri za simu zilizovimba na redio zilizofumuliwa matumbo. Kwenye ukuta wa stoo ile, usawa wa kifua, palikuwa na shubaka la zamani lililozibwa kwa saruji. Siku walipohamia, mama mwenye nyumba, mjane mpole asiyependa maneno mengi, aliwasimamisha mbele yake.

"Vyumba vyote tumieni mtakavyo," aliwaambia. "Hapa tu msipaguse. Marehemu mume wangu aliita mtu wa kuyajua mambo haya, akapaziba. Tangu siku hiyo ndiyo tulianza kulala."

Mke wa Volti aliitikia kwa heshima. Volti alingoja mjane apige hatua kumi tu, akasema, "Ukuta ni ukuta. Huyu mama anaogopa saruji."

Sasa waya wa kifaa ulitakiwa kutoka stoo kwenda sebuleni, na njia fupi ilikuwa kupitia pale. Njia ndefu ingemgharimu mita mbili za waya. Volti alichukua drili, akaibana sindano ya milimita nane, akaielekeza katikati ya saruji.

Ilizama kwa urahisi mno, kama iliyovutwa kutoka upande wa pili. Alipoichomoa, tundu likatoa pumzi ya baridi, na pumzi ile ilinuka nywele zilizoungua. Mtu mwenye akili angerudi nyuma. Volti aliinama, akausogeza mdomo kwenye tundu.

"Kama humo kuna mtu," alisema kwa sauti ya kejeli, "basi atoke, nimhesabu."

Akacheka peke yake. Mkewe, aliyekuwa akipita koridoni na beseni la nguo, alimsikia vizuri. Alisimama kidogo, akaendelea na safari yake.

Ndipo mchana ule namba ikasema tano.

Volti aliwatoa wote nje uani. Aliirudisha namba sifuri, kisha akawaingiza mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. *Ti*, mkewe. *Ti*, mama mkwe akijikokota. *Ti*, Chiriku akirukaruka. *Ti*, yeye mwenyewe. Nne. Aligeuka kuwatazama kwa ushindi, na nyuma yake, mlangoni pasipo na mtu, kifaa kikalia *ti*.

Tano.

"Vumbi," alisema Volti. Alivipangusa vile vijicho kwa ncha ya shati, akawatoa wote tena, naye akatoka nao. Walisimama uani juani, wote wanne, wakaichungulia namba kupitia mlango ulioachwa wazi.

"Moja!" Chiriku alisoma kwa furaha. "Baba, amebaki nani ndani?"

Mama yake alimvuta karibu naye.

Juma lile nyumba ilianza kusonya.

Mke alikuwa wa kwanza kusikia. Jumatatu alikuwa akipima kitambaa, na nyuma ya bega lake mtu akasonya, msonyo mrefu wa meno na mate, wa mtu aliyekutazama kuanzia unyayo hadi utosi akaona hufai. Aligeuka. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake, ameinamisha uso. Mke alirudi kwenye kitambaa chake. Jumanne alisonywa tena, mara tatu, na jioni uvumilivu ukamwisha.

"Mama, nimekukosea nini mpaka unisonye ndani ya nyumba yangu?"

Mama mkwe alishtuka hadi kikohozi kikampanda. "Mimi? Mwanangu, wewe ndiye unayenisonya tangu jana. Nikajisemea, huyu amenichoka, labda nitafute pa kwenda."

Walitazamana. Cherehani ilikuwa imesimama, dirisha limefungwa, Chiriku yuko uani anamwimbia paka. Na wakiwa vilevile, macho kwa macho, midomo yote miwili imefumbwa, wakausikia msonyo ukitoka koridoni, mrefu, wa taratibu, ukiwapita katikati kama mtu anayekwenda zake jikoni.

Mama mkwe aliushika mkono wa bintiye. "Mwambie mumeo," alinong'ona. "Mwambie leo hii."

Alimwambia. Volti alikuwa kachomeka pasi yake ya kulehemu, moshi unampanda usoni. Hakugeuka.

"Ni upepo kwenye lile tundu. Hewa ikipita tundu dogo inatoa sauti, hata chupa inalia. Hiyo ni fizikia, mke wangu. Lakini na wewe uliishia kwenye vitambaa, nikulaumu nini."

"Basi lizibe."

"Nina waya umepita pale!"

Alhamisi alasiri aliwaita kwa kelele za shangwe. Walimkuta amesimama mlangoni, chini ya ile namba, mikono kiunoni. Alikuwa amebadilisha kapasita moja iliyochoka, na namba ilikuwa imetulia.

"Ngapi hiyo? Semeni kwa sauti. Mama, na wewe sema, ndiwe uliyeleta habari za mashetani."

"Nne," alisema mama mkwe kwa unyonge.

"Nne! Siku tano mnanuna humu ndani, mnanong'onezana kama wachawi, kumbe kapasita ndogo kama punje ya mchele. Tatizo lilikuwa nini? Ujinga. Siyo jini, ujinga."

Chiriku alikuwa amesimama kando ya meza ya chakula. Tangu walipoitwa hakuwa amesema neno, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na hakuna aliyeligundua mpaka alipofungua mdomo wake mdogo wenye pengo la meno mawili, akasonya. Ulikuwa ule ule, mrefu, wa mtu mzima.

"Na huyu," alisema taratibu, "ndiye mnayemwita baba wa nyumba?"

Sauti ilikuwa yake. Utulivu haukuwa wake.

"Chiriku!" mama yake aliita.

Mtoto hakumtazama. Alimzunguka Volti polepole, akimkagua kama mnunuzi asiyetaka kununua. "Jumatano iliyopita mkubwa wako alikuita mbele ya wenzako akuonyeshe kusoma kipimo cha presha ya mabomba. Ukasema tumbo linakuuma. Ukakaa chooni saa nzima, unatafuta jibu kwenye simu." Akatabasamu. "Hukulipata."

Uso wa Volti ulipauka. Jambo lile hakumsimulia mtu. Aliinua mkono ampige, na mtoto akaungoja mkono ule kwa udadisi, kichwa kikiwa upande, bila kupepesa jicho. Mkono ukashuka wenyewe.

"Amesikia wapi haya?" Volti aliuliza, na kwa mara ya kwanza alikuwa ananong'ona.

Tangu saa ile Chiriku hakula wala hakulala. Maji akipewa aliyatazama kikombeni kisha akayamwaga sakafuni. Ngozi yake ilikuwa ya baridi kama bomba, na nywele zake zilinuka kuungua ingawa hazikuungua. Ijumaa walimkimbiza hospitali, wakampima damu, wakampima kila kitu, wakasema mtoto hana ugonjwa ila ana upungufu wa maji. Njiani kurudi Volti alieleza kwamba madaktari wa siku hizi wanakariri tu. Alisema chumvi za mwili zikikosa uwiano ubongo hutoa maneno ya ajabu, alishawahi kuona video. Mkewe alikuwa amembeba mtoto kifuani. Alikuwa akisikiliza jinsi moyo wa binti yake ulivyokuwa ukipiga mara moja, kisha ukafikiri, kisha ukapiga tena.

Jumamosi, baada ya saa sita mchana, mke aliamka kutoka usingizi wa dakika chache alioupata juu ya kiti akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Hakupiga kelele. Aliingia koridoni pekupeku, jua la mchana likiwa limejaa nyumba nzima, sufuria jikoni zikimeta na watoto wa majirani wakisikika wakicheza mpira ng'ambo ya ukuta, na kila hatua aliyopiga kuelekea stoo hewa ilizidi kuwa nzito na harufu ya nywele zilizoungua ikazidi kumkaba, mpaka alipousukuma mlango akamwona Chiriku amesimama kwa ncha za vidole mbele ya shubaka, sikio kwenye tundu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa maagizo, na alipotaka kuliita jina lake akasikia kutoka ndani ya saruji sauti ya mumewe, sauti yenyewe kabisa ya mumewe, ikisema kwa uchovu na dharau: *tatizo ni mtumiaji, tatizo ni mtumiaji, tatizo ni mtumiaji*.

Alimnyakua mtoto, akatoka naye. Kisha akamtuma mama yake kwa mganga.

Mganga yule alikuwa mteja wake wa nguo, mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, aliyetazama watu kama karani wa dirishani anayekaribia kufunga. Alikuja na mfuko wa plastiki wenye ubani, chumvi ya mawe na chupa ya maji. Hakukaribishwa kiti wala hakukitaka. Alikwenda moja kwa moja stoo, akanusa tundu, akarudi akimwangalia Volti.

"Nani alitoboa?"

"Mimi. Ulikuwa mradi wa—"

"Sijauliza mradi. Ulisema nini baada ya kutoboa?"

Volti alikohoa. "Sikumbuki."

"Alisema kama kuna mtu atoke amhesabu," mkewe alijibu. "Nilimsikia."

Mganga alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. "Miaka thelathini nafanya kazi hii. Nimekutana na waliorogwa na nimekutana na waliorithi. Sijawahi kukutana na aliyealika." Akaingiza kidole kwenye mfuko, akatoa ubani. "Hiki si jini la kuogopwa, ni kijini cha kutupwa. Hata majini wenzake hawakitaki. Kilitiwa humo kisahaulike, nacho kilikuwa karibu kusahaulika. Wewe ukakiita, ukakihesabu. Umekifanya mtu wa nyumba hii kwa mdomo wako."

"Sasa kinataka nini kwa mtoto?" mama mkwe aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kula. Chakula chake ni dharau, mama. Na humu kimekuta jiko linawaka kutwa."

Walimkalisha Chiriku juu ya mkeka katikati ya sebule. Moshi wa ubani ulipopanda, mtoto alianza kucheka kidogokidogo, akimtazama mganga. "Bibi mwenyewe gauni lako limekaa vibaya mgongoni," alisema.

"Najua. Nimelileta lipunguzwe," alijibu mganga bila kupepesa, akamshika vifundo vya mikono. Kisha akamwambia Volti, "Mimi nakishikilia tu. Atakayekitoa ni wewe. Piga magoti. Uwaombe radhi uliowadharau humu ndani, mmoja mmoja, kwa moyo. Kikose cha kula."

"Mbele ya—"

"Mbele ya wote."

Volti alitazama dirishani, kama angemwona mtu wa kazini anamchungulia. Akapiga magoti, goti moja kwanza, la pili baadaye. Mtoto aliacha kucheka. Kidevu kilianza kumtetemeka, meno yakagongana, macho yakapinduka mpaka ukabaki weupe mtupu, na kutoka kooni mwake msonyo ukaanza kupanda bila kukatika, unapanda tu, ukitetemesha vikombe kabatini na sindano ya cherehani kwenye kishikio chake, huku mama yake akilia, "Sema! Baba Chiriku, sema, anakufa!"

"Haya," alisema Volti. "Haya, samahani. Mama, samahani. Mke wangu, samahani. Kama kuna mtu alijisikia vibaya, basi."

Msonyo ukakatika.

Chiriku aliangukia upande. Kisha kikatoka kikohozi kidogo, na sauti iliyokauka ikasema, "Mama, nina kiu, na nilikuwa na njaa tangu juzi, na paka wangu amekula? Nani amempa? Kwa nini bibi huyu ananishika?" Na hakunyamaza tena, naye mama mkwe akaanguka kifudifudi akimshukuru Mungu.

Mganga hakushukuru. Aliokota vitu vyake polepole, akimtazama Volti aliyekuwa ameshainuka anapangusa magoti ya suruali.

"Kimemtoka mtoto," alimwambia mke pembeni. "Sijasema kimetoka nyumbani. Radhi ile wewe umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi funga mizigo. Leo, kabla jua halijazama."

Volti alikataa kuondoka. Alisimama mlangoni akiwaangalia wanafunga mabegi. Alisema mganga aliotea tu, mtoto alikuwa ameshaanza kupata nafuu tangu hospitali, na kwamba mtu aliyesoma hakimbii tundu la milimita nane. Mkewe alimbeba Chiriku mgongoni, akamshika mama yake mkono, wakaenda kwa kaka yake upande wa pili wa mji. Alichoacha ni cherehani tu, kwa sababu ya uzito.

Zilipita wiki tatu, na wateja wakaanza kudai nguo zao. Asubuhi moja, saa nne, alirudi kuichukua, amefuatana na kaka yake mwenye mkokoteni. Kaka alibaki njiani. Yeye akaenda kubisha hodi.

Mlango ulifunguliwa mara moja, kana kwamba mtu alikuwa amesimama nyuma yake akimngoja. Volti alikuwa amevaa shati safi. Mikono yake haikuwa na alama za kuungua, kucha zake hazikuwa na weusi wa risasi ya kulehemu. Aliinama kidogo.

"Karibu, mke wangu," alisema. "Mama hajambo? Kikohozi chake kimepungua? Na mwanetu? Nimekaa hapa nimefikiri sana. Miaka kumi na moja umenivumilia, nami sikukuheshimu hata siku moja. Nisamehe. Nisamehe kwa kila neno." Machozi yalimlengalenga. Alisogea pembeni, akaushika mlango kwa mikono miwili ili apite. "Karibu ndani. Karibuni wote."

Maneno yale alikuwa ameyasubiri miaka kumi na moja. Alikuwa ameyawaza kwenye cherehani, kitandani, na siku ile ya mkeka. Alimtazama machoni mtu aliyekuwa mbele yake, akatafuta mle ndani lile fidhuli, lile punguani lenye majivuno aliloolewa nalo, apate angalau chembe yake. Hakuliona, kana kwamba lilikuwa limeliwa lote.

Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, bila kumpa mgongo, mpaka akafika kwenye mkokoteni.

"Vipi?" kaka yake aliuliza. "Amekatalia mashine?"

"Twende," alinong'ona. "Kaka, twende. Huyo si yeye."

Kaka yake aliangalia mlangoni. Shemeji yake alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu, anawapungia mkono kwa upole.

Mpaka leo yumo. Majirani wanamsifu sana. Wanasema mtu amebadilika, ameacha kiburi, ana adabu kuliko wote mtaani. Huwezi kupita mbele ya nyumba yake bila kusalimiwa, na kila apitaye, mkubwa kwa mdogo, yeye humkaribisha ndani.